Vijiji Vitatu Kabla ya Jumatatu

Asubuhi ya Jumamosi ile, akiwa amesimama mbele ya sufuria ya chai, Penina aliapa kwamba kabla ya jua kuzama atakuwa amemwambia mumewe, Levi, ukweli: kwamba ini la Levi lina saratani, na kwamba daktari wa Nairobi amempa miezi mitatu, minne akijaliwa. Wiki sita alikuwa amelibeba neno hilo peke yake katika nyumba yao ya vyumba viwili pale mtaa wa Atlabara, Juba. Alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo kazini kufundisha watoto wa chekechea kuhesabu moja mpaka kumi. Siku moja aliruka saba, na watoto wakamsahihisha kwa furaha kubwa.

Aliyemtwika mzigo huo ni shemeji yake Rufus, kaka mkubwa wa Levi, kule kwao Vihiga. Levi alikuwa amepimwa Nairobi mwezi Machi, lakini hakusubiri majibu. Hoteli za Juba zilikuwa zinangoja samaki, na Levi ni mtu wa kuamini kwamba hoteli ikikosa samaki siku moja dunia nzima imekwama. Akamwachia kaka yake kazi ya kuchukua majibu. Rufus akayachukua, akaelezwa, akaita kikao cha ndugu, na kikao kikaamua kama vikao vya kwao vinavyoamua siku zote: mgonjwa asiambiwe. Mtu akiambiwa, walisema, hukata tamaa na kufa kabla ya siku zake. Kwa hiyo Levi aliambiwa ana vidonda vya tumbo, apunguze pilipili na soda. Penina aliambiwa mengine, kwa simu, kisha akaagizwa amfikishe mumewe nyumbani bila kumshtua. Tiketi za ndege za Jumatatu zilikuwa zimeshakatwa. Sababu aliyopewa Levi ni kwamba mpaka wa shamba la baba yao unapimwa upya na lazima kila mtoto awepo.

Usimlaumu Rufus haraka. Ndivyo walivyomfanyia baba yao, na shangazi yao pia, na siku alipompigia Penina alilia kwenye simu mpaka salio likaisha. Lakini Rufus alikuwa Vihiga. Aliyekuwa anafua mashati ya Levi na kuona kola zinavyopwaya ni Penina.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, na ilikuwa siku yao. Walikuwa wametimiza miaka kumi na sita ya ndoa. Levi alitoka chumbani amevaa shati la kitenge na miwani myeusi ambayo siku hizi haikumtoka usoni, kwa sababu macho yalikuwa yamegeuka manjano na yeye alidai ni moshi wa samaki.

"Mama Chris, vaa viatu vya kutembea," alisema. "Leo nakupeleka pwani."

"Pwani gani, Baba Chris, kwa Juba hii?"

"Kwani mto hauna pwani? Kuna vijiji vitatu vya wavuvi. Tunaenda, tunakula, tunarudi kabla ya saa kumi. Nilikuahidi Mombasa nikakupeleka Kakamega. Leo nalipa deni."

Penina akacheka, na alipocheka akataka kulia. Ni kweli aliahidiwa Mombasa. Fungate yao ilikuwa siku mbili kwa shangazi wa Levi, chumba kimoja na mashine ya kusaga mahindi, na alfajiri wateja wakawa wanagonga dirisha. Tangu hapo neno pwani lilikuwa mzaha wao wa ndani. Christabel, binti yao aliye kidato cha pili huko nyumbani, alikuwa amekua akiusikia.

Miaka kumi na moja walikuwa Juba, na miaka yote hiyo Levi alipita barabara ya vijiji hivyo kila Alhamisi kununua samaki, na gari lake jeupe la Probox lililojaa masanduku ya barafu. Penina hakuwahi kuiona. Levi hakutaka kusikia habari ya kumbeba, kwa sababu kuna miezi watu wenye bunduki hutoka vichakani na kufanya wanavyotaka. Lakini tangu Krismasi njia ilikuwa imetulia, na malori yalikuwa yanapita mchana kutwa. Penina aliridhika na maelezo hayo. Alidhani mumewe ameamua tu kumfurahisha.

Walivuka daraja, wakapita mtaa wa Gumbo na vumbi lake na kelele zake, wakashika njia ya kaskazini. Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliinamisha kichwa dirishani, akamtazama Penina, akauliza kwa Kiarabu cha Juba kama huyu ndiye mkewe, "Levi, de mara taki?"

"Aiwa," Levi akakubali, akamgeukia mkewe. "Vua kitambaa kidogo, Mama Chris, akuone uso vizuri. Hawa ni watu wa kujuana nao."

Penina akakisogeza kitambaa, askari akamsalimu kwa heshima, kamba ikashushwa. Aliona haya kidogo, akajiambia mumewe anajivuna naye, na moyo wake ukachangamka. Ni miaka mingi mtu hajajivuna naye.

Kijiji cha kwanza kilikuwa vibanda kama ishirini juu ya ukingo, mitumbwi imelazwa kwenye matope na nyavu zimetandazwa juu ya matete. Mvuvi waliyemwendea aliitwa Lemi, mtu mrefu wa kabila la Wabari mwenye mikono yenye makovu ya kamba, aliyejifunza Kiswahili chake katika kambi ya wakimbizi kule Uganda. Alimkumbatia Levi, akamshika begani, kisha akamwachia upesi kama mtu aliyeshtuka kukuta mfupa pale alipotarajia nyama.

"Levi, wewe iko mwembamba sana."

"Vidonda vya tumbo. Samaki wangu wako wapi?"

"Samaki yako iko kwa maji. Mimi nafunga tangu asubuhi."

Huo ndio utaratibu wa barabara ile. Mvuvi humwekea mnunuzi wake samaki wakiwa hai, wamefungwa kamba na kuachwa kwenye maji ya kina kifupi. Hawawekei kila mtu. Mgeni akija na noti mkononi huambiwa samaki wamekwisha, hata kama wanarusha maji miguuni pake. Lemi alivuta kamba, sato wakubwa wakatoka wakipiga mikia, na Levi akarudi nyuma hatua mbili.

"Leo mimi sichagui," alisema. "Chagua wewe, Mama Chris."

"Mimi? Mimi najua samaki wa kwenye sahani."

"Fungua shavu hapo. Ndani kuwe kwekundu, siyo kahawia. Sasa bonyeza tumbo. Kidole kikiacha shimo, mwache huyo."

Penina akapiga magoti kwenye matope na gauni lake la kutokea, akafungua mashavu ya samaki mmoja baada ya mwingine, huku mumewe akimwelekeza kwa sauti ya chini, ya upole, sauti aliyoitumia zamani akimfundisha Christabel kuendesha baiskeli. Akachagua watano. Lemi akamtazama mikono, akamuuliza jina, akamuuliza tena.

"Penina," Lemi akarudia. "Sawa. Mimi nashika hiyo jina."

Levi alikuwa amesimama anamtazama mkewe kana kwamba anangoja kitu. Penina akampa tabasamu. Kwa nusu saa nzima alikuwa amesahau kwamba mumewe anakufa, na alipokumbuka aliona aibu kama mtu aliyekamatwa akicheka matangani.

Wakaendelea. Kilomita chache mbele Levi akasimamisha gari, akasema anakagua tairi. Penina akamwona kwenye kioo cha pembeni. Hakukagua tairi lolote. Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na ubavu wa kulia kwa mwingine, mdomo wazi, anasubiri maumivu yapite. Penina akashuka. Hapa, akajiambia. Hakuna mtu, hakuna simu ya Rufus, sema hapa hapa.

"Baba Chris," alianza. "Yale majibu ya Nairobi."

Levi akajinyoosha. Akavua miwani, akamtazama kwa yale macho yake ya manjano.

"Vidonda vya tumbo," alisema polepole. "Si ndivyo Rufus alivyosema?" Akaikunja miwani. "Ama?"

Hilo ama lilikuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Penina aliuona. Akafungua kinywa, na kilichotoka ni woga wa miaka yote wa mke aliyeolewa kwenye ukoo wenye vikao.

"Ndiyo. Ndivyo. Nilitaka kuuliza kama umemeza dawa."

"Nimemeza," Levi akasema. Akavaa miwani, akarudi kwenye usukani, na baada ya muda akaanza kupiga mluzi. Penina akageukia dirisha, akajitukana kimoyomoyo kwa matusi ambayo mwalimu wa chekechea hatakiwi kuyajua.

Kijiji cha pili kilikuwa Mongalla, ambako walimkuta Yien, Mnuer mcheshi aliyeletwa huku na mafuriko na ambaye alikuwa na mtumbwi mmoja na maneno mengi. Mke wake aliwapikia mchuzi wa sangara na asida, yaani ugali wa mtama, wakala wote kwenye sinia moja. Levi alimega, akazungusha tonge kwenye mchuzi, akasimulia kisa, na mwisho wa kisa tonge likawa limewekwa upande wa Penina. Alifanya hivyo mara tano. Penina aliyala yote, machozi yakiwa karibu, kwa sababu lingebaki tonge moja watu wangeona kwamba Levi hali.

"Mke wako anakula vizuri," Yien akasema. "Huyu atakuwa na nguvu ya kubeba."

Wote wakacheka. Baadaye kapu la sangara likaletwa, na Levi akasema tena, "Chagua wewe." Akamweleza kwamba Yien huficha wadogo chini ya wakubwa, kwa hiyo mkono ushuke mpaka chini kabisa ya kapu. Akamweleza pia kwamba Yien akiapa kwa mama yake asimwamini, ila akinyamaza amwamini. Penina akashusha mkono mpaka chini, akatoa wadogo watatu, na Yien akapiga kelele kwamba ameonewa kwake mwenyewe. Levi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamtazama tena mkewe kwa namna ile ile ya kungoja, na Penina akapangusa mikono na kusema kazi hii si ngumu kama alivyodhani.

"Si ngumu," Levi akakubali. Hakupiga mluzi tena baada ya hapo.

Walifika kijiji cha tatu saa nane kasorobo. Hapa wanawake ndio wakubwa wa biashara. Wanaume huvua na wake zao hukausha, na moshi wa kuni hutanda juu ya ukingo wote kiasi kwamba macho ya kila mtu yana machozi na hakuna anayeulizwa. Kiongozi wao alikuwa Akon, Mdinka wa makamo ambaye utoto wake wote aliutumia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa hiyo alizungumza Kiswahili kama mtu wa Kitale. Alimkalisha Penina kwenye kigoda, akamwambia Levi akalete soda kwenye gari, na Levi alipoanza kupanda mteremko wa ukingo kwa hatua za mzee, Akon akamsindikiza kwa macho.

"Pole sana, dada," alisema. "Wiki jana aliponiambia atakuleta, sikulala. Huyu ni mtu mzuri. Miaka yote hiyo hajawahi kunidanganya kwenye mizani."

"Pole ya nini?" Penina akauliza.

Akon akamtazama, akidhani labda hajasikia. "Si unachukua kapu? Hapa kwetu mnunuzi hampeleki mtu kwa wavuvi kutembea. Humleta siku anayoacha, mara moja tu, amwoneshe uso, na anayechagua samaki ndiye mwenye kapu kuanzia siku hiyo. Kuna Mganda, Fred, ndiye alimleta Levi hivyo hivyo, akarudi kwao hatukumwona tena. Sasa Levi amekuleta wewe. Si umeshachagua kwa Lemi? Na kwa Yien?"

Penina alikaa pale na mikono inayonuka samaki. Kwanza ilimjia hasira. Siku yake, pwani yake, miaka kumi na sita, kumbe alikuwa amepelekwa kazini! Kisha, nyuma ya hasira, kikamjia kitu kingine. Levi anajua. Anajua kila kitu. Amejua siku nyingi, na badala ya kukaa na kulia ameamua kumwachia mkewe njia ya kula bila kuinyooshea mikono meza ya shemeji. Alijua na akanyamaza ili asimtese Penina, kama Penina alivyonyamaza ili asimtese yeye. Mzigo wa wiki sita ukamteleza mabegani kwa mkupuo mmoja. Hakuna cha kusema tena. Hakuna kiapo cha kutimiza. Alimpenda mumewe wakati huo kuliko siku ya harusi.

Levi akarudi na soda tatu, akiwa anahema. Akon akasimama, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaweka kapu la samaki wakavu katikati yao, na wanawake wengine wakasogea kusikiliza, kwa sababu jambo hili hufanywa mbele ya watu.

"Mama Chris," Akon akasema kwa sauti ya wote. "Safari yenu ikiisha, Alhamisi nani anakuja?"

Levi hakumtazama Akon. Alimtazama mkewe.

Penina akainuka. Akamshika mumewe mkono, akaubana, ajue kwamba wako pamoja, kwamba hakuna kufichana tena.

"Alhamisi nakuja mimi," alisema. "Levi hatakuja tena."

Wanawake wakaitikia kwa sauti ya chini, wengine wakipiga ulimi kwa huzuni. Penina akageuka kumtazama mumewe, akitegemea kuona uso wa mtu aliyetua mzigo kama yeye. Hakuuona. Soda moja ilikuwa imemponyoka Levi na inamwagika mchangani.

"Kumbe," alisema mwisho.

"Baba Chris?"

"Kumbe ni kweli."

Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa. Akavua miwani. Akon, ambaye hakuwa mjinga, akawafukuza wanawake wake warudi motoni na yeye mwenyewe akaondoka.

"Lakini ulikuwa unajua," Penina akasema. "Umenileta hapa. Umenipa kapu. Ulikuwa unajua, Levi!"

"Nilikuwa nakisia." Levi alizungumza akiutazama mchanga. "Rufus alinipigia akaniita ndugu yangu mpendwa. Rufus! Maisha yake yote ananiita wewe kijana. Halafu wewe, ukawa hunigombezi tena nikiacha viatu mlangoni. Nikasema hapa kuna kitu. Lakini sikuwa najua, Mama Chris. Hakuna aliyeniambia. Nikasema nitajiandaa tu, nikukabidhi kwa watu hawa kimya kimya, na nikiwa nimekosea basi tutakuwa tumetembea tu na kula samaki, tumeadhimisha siku yetu."

"Na pale njiani..."

"Pale njiani nilikuuliza ukasema dawa. Nikafurahi. Unajua nilivyofurahi? Nilipiga mluzi."

Penina akapiga magoti mbele yake. Alikuwa anatikisa kichwa, anatikisa, kana kwamba kutikisa kungerudisha maneno. "Utakuja," alisema. "Daktari anaweza kukosea, Levi, madaktari hukosea kila siku. Utakuja Alhamisi, mimi nitakaa nyumbani, mimi na samaki wapi na wapi..."

"Hilo," Levi akasema. "Hilo ndilo nilikuwa nangoja. Tangu kwa Lemi. Nilisema akimwona Lemi anashika jina lake atashtuka, atasema mimi na samaki wapi na wapi, wewe si upo? Ukachagua watano. Nikasema kwa Yien atakataa. Ukasema kazi si ngumu. Nikasema basi, kwa Akon, mbele ya watu, atakataa."

Akauliza miezi mingapi. Penina akamwambia mitatu, labda minne, na hiyo ndiyo ikawa namna alivyotimiza kiapo chake, saa nane mchana, jua bado liko juu kabisa. Levi akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mteja anayekubali bei. Kisha akalia. Mwanaume aliyewazika baba na mama yake bila tone la chozi alilia kwa sauti mbele ya mitumbwi ya watu, mabega yakimruka ndani ya shati lililokuwa limemzidi, na Penina akamkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote na kusikia mbavu zake zote.

"Ungekataa tu," Levi alimwambia kwenye kitambaa chake cha kichwa. "Hata kwa uongo, Mama Chris. Mara moja tu ungekataa."

Walikaa hivyo mpaka Akon alipokuja, akasimama mbali kidogo, akasema saa nane na nusu imepita na barabara ile si ya kungojea giza. Levi akajaribu kuinuka, akashindwa, akampa mkewe ufunguo wa gari. Akon akamshika upande mmoja, Penina akamshika upande wa pili, wakaanza kupanda mteremko polepole kuelekea kwenye Probox.